Kopo la Soda na Mguu wa Mtoto

Ajali ikitokea kiwandani, mara nyingi neno la kwanza kuandikwa kwenye fomu ni "uzembe". Mashine haikuwa na kinga, mkanda haukufunikwa, taa zilikuwa hafifu, lakini fomu inasema uzembe wa mfanyakazi. Safari hii tunaeleza habari ya kitu kidogo sana, yaani ule ulimi wa kufungulia kopo la bia au la soda. Kitu hicho kiliumiza watoto na kuchafua nchi kwa miaka zaidi ya kumi, na muda wote huo lawama iliwekwa juu ya mnywaji.

Bia ya kopo ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1935. Kopo lilikuwa la bati zito, na ili kulifungua ilibidi utoboe matundu mawili kwa chuma chenye ncha. Mwaka 1959 bwana mmoja aitwaye Ermal Fraze, mwenye karakana ya zana katika mji wa Dayton, Ohio, alikwenda mandari akasahau kifungulio nyumbani. Akalipasua kopo kwa bampa ya gari lake. Baadaye akakaa kufikiri namna ya kutengeneza kopo linalojifungua lenyewe.

Kazi ngumu ilikuwa kuushika ulimi kwenye kifuniko bila kukitoboa, maana kopo la bia lina gesi ndani, na tundu dogo tu huvuja. Wenzetu wa mashine za kupiga bati watapenda jibu lake. Bati la kifuniko lenyewe husukumwa juu likatokeza kama chunusi, ulimi ukavishwa hapo, kisha chunusi ikagongwa ikawa bapa kama kichwa cha msumari. Hakuna tundu, wala hakuna kipande cha kuongeza. Fraze aliuza haki zake kwa kampuni ya Alcoa, na mwaka 1962 kiwanda cha bia cha Pittsburgh kikawa cha kwanza kuutumia ulimi huo.

Watu waliupenda sana. Ulikuwa unavuta pete, kipande cha kifuniko kinang'oka chote, unakunywa. Lakini hebu jiulize: ukishakunywa, kile kipande mkononi, chenye makali pande zote, unakipeleka wapi?

Wengi walikitupa chini. Vipande vikajaa ufukoni, mbugani na kando ya barabara, kwa mabilioni, na watoto waliotembea pekupeku wakavikanyaga. Wengine, tena wale waungwana waliotaka kutunza usafi, walikitumbukiza ndani ya kopo kisha wakaendelea kunywa. Hapo wapo waliokimeza. Madaktari walipata watoto waliokwamwa na pete hizo kooni, na kazi yao ikawa ngumu kwa sababu alumini ni metali nyepesi ambayo haionekani vizuri kwenye picha ya eksirei. Mtoto analia, haoni raha kumeza, na picha haionyeshi kitu.

Na lawama? Kulikuwa na kampeni za usafi zilizogharimiwa kwa sehemu na makampuni ya vinywaji na ya makopo yenyewe, zikiwaambia wananchi kuwa uchafu ni tabia mbaya ya watu. Hatukatai kwamba mtu asitupe taka ovyo. Lakini kitu kilichotengenezwa kwa namna ya kugawanyika vipande viwili, kimoja kikubwa cha kushika na kimoja kidogo chenye makali kisicho na kazi tena, kitatupwa. Hata mtu mwenye nidhamu hakuwa na mahali pazuri pa kukiweka.

Jimbo la Oregon halikungoja tabia zibadilike. Mwaka 1971 lilipitisha sheria, ikaanza kutumika Oktoba 1972. Kila chupa na kopo la bia au soda liwe na amana ya kurudishiwa mnunuzi, jambo ambalo sisi tunalijua siku nyingi kwa kreti na chupa zetu za soda. Tena, makopo yenye ulimi wa kung'oka yasiuzwe kabisa. Watengenezaji sasa walikuwa na sababu ya kuumiza kichwa. Kiwanda kimoja kilijaribu kifuniko cha kubonyeza vitufe kwa kidole, lakini vilikuwa vigumu na wanywaji walilalamika kuwa vinawakata.

Jibu lilipatikana mwaka 1975 kwa Daniel Cudzik, mhandisi wa kampuni ya Reynolds Metals. Chukua kopo la leo ulitazame. Ulimi bado umeshikwa na ile chunusi ya Fraze. Ukiuinua, unafanya kazi kama mtaimbo: kwanza unafungua upenyo mdogo gesi itoke, halafu ncha yake inakandamiza kipande cha kifuniko kuelekea ndani. Kipande hicho kimechorwa mfuo pembeni ili kipasuke, lakini mfuo hauzunguki mpaka mwisho. Umeachwa sehemu ndogo bila kukatwa, nayo ndiyo bawaba. Kwa hiyo kipande kinakunjika ndani na kubaki, na ulimi unabaki. Hakuna cha kutupa, hakuna cha kukanyaga.

Tena kuna faida ambayo mwokota makopo anayeuza kwa kilo anaielewa upesi. Zamani ulimi na sehemu ya kifuniko vilipotelea mchangani. Sasa metali yote inarudi kwenye tanuri pamoja na kopo. Kuyeyusha alumini ya zamani kunatumia karibu asilimia 5 tu ya nishati inayohitajika kuitoa upya kwenye udongo wake.

Hatusemi kwamba kopo sasa ni kitu kisicho na lawama. Chupa ya kioo inayorudi kiwandani kuoshwa na kujazwa tena ni bora kwetu sisi, kwa mazingira na kwa ajira.

Fikra hiyohiyo imefika kwenye plastiki. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, tangu tarehe 3 Julai 2024, kifuniko cha chupa ya plastiki ya kinywaji isiyozidi lita 3 sharti kibaki kimeshikana na chupa baada ya kufunguliwa. Watu wengine wananung'unika kuwa kinawachoma shavuni wakinywa. Huku kwetu vifuniko vya chupa za maji bado vinang'oka, vinajaa kwenye mitaro, na ni vya ukubwa uleule ambao mtoto anayetambaa hupenda kutia mdomoni. Watoto wakubwa huvifanya kete za drafti, na hapo angalau vinapata kazi. Pombe ya viroba ilikuwa na ubaya huohuo wa pande mbili, kwa mtoto na kwa mtaro. Tanzania iliipiga marufuku mwaka 2017 na Uganda mwaka 2019.

Matawi yenye wanachama kwenye laini za kujaza maji na soda tunayaomba yalipeleke suala hili kwenye kamati ya usalama: je, mwenye kiwanda ana mpango wa kuleta vifuniko vya kushikana, na mashine ya kuvifunga itabadilisha mwendo wa laini au idadi ya watu? Mtuandikie majibu mliyopewa, nasi tutayachapa.