Klopp: Mwanaume Aliyejua Kung'atuka

Tuseme ukweli, mpenzi msomaji. Wengi wetu kuingia tunajua, kutoka ndiyo kasheshe. Kazi imekuchosha miaka miwili sasa, bado umo. Uhusiano umebaki jina tu, bado umo. Tunangoja mpaka tufukuzwe au tuchukiane, ndipo tufungashe virago. Mwezi huu nawaletea bwana mmoja wa Kijerumani ambaye, kwa maoni yangu, ana la kutufundisha kuhusu jambo hilo. Anaitwa Jürgen Klopp.

Na wewe usiyependa mpira, tafadhali usiruke ukurasa. Hapa hatuhesabu kona.

Baba kijana, mfuko mtupu

Klopp alizaliwa Stuttgart mwaka 1967, akakulia Glatten, kijiji kidogo kusini magharibi mwa Ujerumani. Baba yake alikuwa golikipa enzi za ujana wake, na kwenye michezo hakuwa na masihara na mtoto. Akiwa na miaka kama 20 hivi, Klopp akajikuta na mambo matatu kwa mpigo: masomo ya chuo kikuu Frankfurt, mpira wa ridhaa usiolipa, na mtoto wa kulea. Mwenyewe amesimulia jinsi alivyofanya kibarua ghalani, akibeba mikanda ya sinema, ili nyumbani mambo yaende.

Mwaka 1990 akajiunga na Mainz 05, timu ya daraja la pili. Alicheza hapo miaka 11, kwanza kama mshambuliaji, kisha beki. Nyota? Wala. Hutania kwamba kichwa chake kilikuwa cha daraja la kwanza, ila miguu ilikuwa ya daraja la nne. Lakini kichwa hicho alikitumia: mwaka 1995 alichukua shahada ya sayansi ya michezo huku bado akicheza.

Februari 2001 Mainz walikuwa wanazama. Viongozi wakamkabidhi timu mchezaji wao huyo wa miaka 33, asiyewahi kufundisha klabu ya kulipwa hata siku moja. Timu haikushuka. Inaniuma kidogo kwamba baba yake hakuliona hilo, kwani saratani ilimchukua mwaka 2000.

Kukosa kwa goli moja

Mwaka 2002 Mainz walikosa kupanda daraja kwa pointi moja. Mwaka 2003 wakakosa tena, safari hii kwa goli moja tu! Wewe ungefanyaje? Wengi tungesema nyota zetu haziendani. Klopp alirudi kazini, na mwaka 2004 Mainz wakaingia ligi kuu ya Ujerumani kwa mara ya kwanza katika historia yao. Mwaka 2007 wakashuka. Mwaka 2008, aliposhindwa kuwarudisha juu, akaondoka huku machozi yakimtoka mbele ya umati. Ilikuwa miaka 18 ndani ya klabu moja, na alipoenda kuaga hakuwa na kombe mkononi.

Huko Borussia Dortmund mambo yakanyooka. Alitwaa ubingwa mwaka 2011 na 2012. Timu yake ilikuwa na tabia moja: ikipoteza mpira hairudi nyuma kujipanga, inaukimbilia hapo hapo kuunyang'anya. Inasisimua kutazama, lakini inachosha miili na vichwa. Mapema mwaka 2015 Dortmund walikuwa wanaburuza mkia. Aprili hiyo Klopp akatangaza kwamba mwisho wa msimu anaondoka. Walimaliza nafasi ya 7. Hapo nadhani alijifunza kwamba mtu anaweza kukaa mahali anapopapenda mpaka mapenzi yakaanza kuisha nguvu.

Ulla kasema tubaki

Oktoba 2015 alitua Liverpool, akajitambulisha kama mtu wa kawaida tu. Kuanzia 2013 hadi 2018 alipoteza fainali 6 kubwa mfululizo, akiwa Dortmund na Liverpool. Sita! Mwaka 2019 ndipo jua likachomoza. Walifungwa 3-0 na Barcelona ugenini, wakashinda 4-0 nyumbani, kisha wakatwaa Kombe la Mabingwa wa Ulaya mjini Madrid. Majirani zetu Wakenya wana la kujivunia hapo, maana Divock Origi, aliyefunga mawili kati ya yale manne na moja kwenye fainali, ni mtoto wa Mike Okoth wa Harambee Stars. Mwaka 2020 ukaja ubingwa wa England, uliokuwa umesubiriwa miaka 30.

Mkewe Ulla, mwandishi wa vitabu vya watoto waliyefunga naye ndoa mwaka 2005, ana nafasi yake katika hadithi hii. Klopp alipoongeza mkataba mwaka 2022 mpaka 2026, alieleza bila aibu kwamba Ulla alitaka wabaki, na mume mwema hufanya nini? Anabaki. Kaka zangu, mmesikia? Kumsikiliza mwenzako hakukupunguzii uanaume.

Nguvu zimeisha

Halafu, Januari 26, 2024, Liverpool wakiwa kileleni mwa ligi, Klopp akatangaza kwamba anang'atuka mwisho wa msimu. Sababu? Nguvu zinamwishia. Hakumsingizia mtu wala hakudai mshahara zaidi. Uongozi alikuwa ameshaujulisha tangu Novemba, ili upate muda wa kutafuta mrithi.

Siku ya kuaga, Mei 19, alishika kipaza sauti akawaimbisha mashabiki jina la Arne Slot, kocha anayekuja kukaa kwenye kiti chake. Fikiria unaondoka kazini, halafu unawafundisha wenzako kumshangilia atakayechukua meza yako! Slot akatwaa ubingwa mwaka 2025, na siku kombe linakabidhiwa Anfield, Klopp alikuwepo uwanjani.

Sisemi jamaa ni malaika. Mkataba wa 2026 hakuumaliza. Na alipokubali kazi Red Bull, aliyoianza Januari 2025, mashabiki wengi wa Mainz na Dortmund walinuna, maana kwao kampuni hiyo inageuza mpira kuwa biashara tupu. Ukiondoka vizuri, si lazima kila mtu aendelee kukupenda.

Ila mimi nabaki na hili. Tunadhani kusema "nimechoka" ni udhaifu, hivyo tunakaa kimya, tunakuwa wakali kwa wafanyakazi wenzetu na baridi kwa wapenzi wetu, mpaka kile tulichokijenga kinabomoka mikononi mwetu. Pengine hata huhitaji kuondoka, unahitaji likizo tu au mazungumzo ya usiku mmoja. Lakini utajuaje, kama hujamwambia mtu? Jumapili hii zimeni simu zenu nyote wawili, mkae chini, muulizane: bado tuna nguvu?