Gari zinazovutwa na magurudumu ya mbele: kwa nini magurudumu yanarukaruka, na namna ya kuyatuliza

Dereva anakanyaga mafuta kwa nguvu ili gari iondoke kwa kasi. Lakini gari haiendi: sehemu ya mbele inatetemeka, magurudumu yanagonga barabara mfululizo, usukani unacheza mikononi. Wenye gari za kasi kama Volkswagen Golf GTI au Ford Focus ST wanaijua kero hiyo. Wako wanaodhani ni alama ya injini kali. Kumbe kila pigo linaingia kwenye kardani na jiaboksi, na ndivyo vinavyovunjika mwishoni.

Golf GTI ya kwanza, mwaka 1976, ilikuwa na nguvu za farasi 110. Honda Civic Type R ya mwaka 2017 iliuzwa Ulaya ikiwa na 320. Hata hivyo, kazi yote ya kuvuta na kukata kona ingali inafanywa na pine mbili za mbele.

Tatizo linaanzia wapi?

Gari ikiondoka kwa nguvu, uzito unahamia nyuma. Pine za mbele zinapungukiwa na uzito wakati ule ule zinapouhitaji zaidi. Zinateleza, zinashika, zinateleza tena, mara nyingi ndani ya sekunde moja.

Mipira ya gari ndiyo inayokuza mchezo huo. Injini imeshikiliwa na vishikio vya mpira. Ikivuta, inajipinda juu yake. Mikono ya chini inayoshika magurudumu nayo ina silentibloki. Pine ikishika, mipira hiyo yote inajikunja kama springi. Pine ikiteleza, inarudi kwa kishindo. Pale mpira ulipolegea au kupasuka, kishindo kinakuwa kikubwa zaidi.

Kuanza na nini?

La kwanza halina gharama: magurudumu yakianza kuruka, dereva apunguze mafuta mara moja. Kuendelea kukanyaga ndiko kunakovunja kardani. Pia asizime mfumo wa kompyuta unaozuia kuteleza, maana unapunguza nguvu ya injini pale pine zinapoachia barabara.

La pili ni ukaguzi. Fundi aangalie kishikio cha chini cha injini, kile kinachoizuia isipinduke mbele na nyuma, kisha silentibloki za mikono ya chini na amortisere. Pine mbili za mbele ziwe za aina moja, zisiwe zimekwisha, na ziwe na upepo ulioandikwa na kiwanda.

Kama vyote ni vizima na magurudumu bado yanaruka, ndipo wenye gari za kasi wanaweka kishikio cha chini kigumu zaidi, mara nyingi cha poliuretani. Ni kifaa kidogo, na kwenye gari nyingi ndicho kinacholeta mabadiliko ya haraka. Lakini kina bei yake: mtetemo wa injini unaingia ndani ya gari, hasa inaposimama huku injini ikiwaka. Kwa gari ya familia, silentibloki mpya za kawaida zinaweza kutosha.

Kuna pia diferansieli inayogawa nguvu kati ya magurudumu mawili, kama iliyo kwenye Civic Type R. Inazuia gurudumu moja lisizunguke bure. Hata hivyo, haiponyi mipira iliyokufa. Vilevile, kushusha gari ili ipendeze kunabadilisha pembe ya mikono ya chini, na kunaweza kuongeza tatizo.

Si la gari za kasi peke yake

Katika mji wa milima kama Bukavu, gari ndogo ya kawaida inaweza kuonyesha dalili hiyo hiyo ikiondoka kwenye mpando wenye maji. Mpando unapeleka uzito nyuma, maji yanapunguza mshiko, na silentibloki zilizochoshwa na mashimo zinamalizia kazi.

Kwa hiyo, anayetaka kuongeza nguvu za injini aanze na vile vinavyoishikilia. Kishikio cha mpira ni rahisi kubadilisha kuliko jiaboksi.