Mkia wa Asidi Tatu: Fumbo la Seli B na Ufumbuzi Wake

Abishaye hodi husimama nje, na mwenye nyumba yumo ndani. Ikiwa sauti haipenyi mlangoni, hodi hiyo haina faida hata ikirudiwa mara mia. Kila seli ya mwili inakabiliwa na tatizo la namna hiyo, kwani imezungukwa na utando wa mafuta, na mambo mengi yanayoihusu hutukia nje ya utando huo. Habari za nje huingiaje ndani? Katika makala haya tutalichunguza swali hilo kwa kuitazama seli moja tu, yaani seli B ya damu, pamoja na kazi ya mtaalamu wa elimu ya kinga, Michael Reth wa Ujerumani, ambaye mwaka 1989 alitoa sehemu kubwa ya jawabu katika barua fupi iliyochapishwa na jarida la Nature.

Seli B na kazi yake

Seli B ni aina mojawapo ya chembe nyeupe za damu. Kazi yake ni kutengeneza kingamwili, yaani protini zenye umbo la herufi Y ambazo hunasa vijidudu na sumu zake. Herufi B imetokana na neno bursa, ambalo ni jina la kifuko kidogo kilicho karibu na tundu la nyuma la ndege. Mwaka 1956 Bruce Glick na wenzake, waliokuwa wakichunguza kuku huko Ohio, Marekani, walieleza kwamba kuku walioondolewa kifuko hicho wangali vifaranga hawakuweza kutengeneza kingamwili ipasavyo. Mwaka 1965 Max Cooper na wenzake walithibitisha kwamba seli za bursa na zile za tezi ya thaimasi, ziitwazo seli T, ni koo mbili tofauti. Binadamu hana bursa. Seli B zake hukua katika uboho wa mifupa, lakini herufi ile imebaki.

Kabla ya kuanza kumwaga kingamwili katika damu, seli B hubeba zipatazo 100,000 juu ya utando wake, zote za namna moja. Hizo ndizo vipokezi vyake. Kitu kigeni, yaani antijeni, kikikutana na seli ambayo vipokezi vyake vinaoana nacho, seli hiyo huamka, hugawanyika mara nyingi, na wazao wake hutengeneza kingamwili kwa wingi. Hivyo kitu kile kile kinachotumika kama jicho hutumika baadaye kama silaha.

Fumbo lenyewe

Kufikia miaka ya 1980 wataalamu waliweza kujua mpangilio wa asidi za amino katika protini kwa kuzisoma jeni zake. Walipoichunguza kingamwili ya aina ya IgM ikaayo juu ya seli B, waliona kwamba sehemu yake kubwa iko nje, sehemu fupi inapita katika utando, na mkia unaoingia ndani una asidi za amino tatu tu: laisini, valini na laisini.

Jambo hili lilishangaza. Kipokezi cha insulini, mathalani, kina sehemu ya ndani yenye mamia ya asidi za amino, ambayo yenyewe ni kimeng'enya. Mkia wa asidi tatu hauwezi kuwa kimeng'enya. Hata hivyo, antijeni ilipovigusa vipokezi, seli ilishtuka mara moja: kiasi cha kalsiamu ndani yake kilipanda, na protini zake nyingi zilianza kubandikwa fosfati. Ilikuwa dhahiri kwamba hodi ilisikika ndani. Ni nani aliyeipeleka?

Barua ya mwaka 1989

Reth alisomea katika Chuo Kikuu cha Cologne chini ya Klaus Rajewsky, kisha akafanya utafiti katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kabla ya kurejea Ujerumani. Yeye na wenzake walikuwa wametambua kwamba IgM haiwezi kufika juu ya seli B peke yake. Sharti iandamane na protini nyingine. Maandamani hao, ambao waliwaeleza zaidi mwaka 1990, leo huitwa Ig-alfa na Ig-beta. Tofauti na IgM, wao wana mikia mirefu upande wa ndani: katika panya, mkia wa Ig-alfa una asidi za amino 61, na wa Ig-beta 48.

Barua ya 1989 haikueleza jaribio jipya. Reth aliiweka sambamba mikia ya protini zilizokuwa zimesomwa katika maabara mbalimbali, na akaona kwamba, ijapokuwa protini hizo zilitofautiana kwa mengi, mpangilio mmoja ulirudiarudia. Msomaji anaweza kujionea mwenyewe. Hapa chini kuna vipande viwili vya mikia ya protini za binadamu, ambapo kila herufi inawakilisha asidi moja ya amino. Cha kwanza ni cha Ig-alfa ya seli B, na cha pili ni cha protini iitwayo zeta, ambayo ni sehemu ya kipokezi cha seli T.

YEGLNLDDCSMYEDI
YNELNLGRREEYDVL

Herufi Y ni tairosini, L ni leusini, na I ni isoleusini. Katika kila kipande kuna Y, kisha asidi mbili zozote, kisha L. Hufuata nafasi ya asidi saba, halafu tena Y, asidi mbili zozote, na L au I. Nafasi ya katikati yaweza kuwa ya asidi 6 hadi 8. Mwalimu anaweza kuviandika vipande hivi ubaoni na kuwaachia wanafunzi wautafute mpangilio huo kabla ya kuwaeleza. Kwa muda wataalamu waliuita mpangilio wa Reth. Siku hizi hujulikana kwa kifupi kama ITAM.

Jinsi ishara inavyosafiri

Kwa nini tairosini mbili ziwe na uzito mkubwa kiasi hicho? Tairosini ni asidi inayoweza kubandikwa fosfati, na fosfati hugeuza tabia ya protini kama alama igeuzavyo maana ya hesabu. Kipokezi kikiguswa na antijeni, kimeng'enya kiitwacho Lyn hubandika fosfati juu ya tairosini za mkia. Kimeng'enya cha pili, Syk, kina mikono miwili ambayo umbali kati yake unalingana na umbali kati ya tairosini hizo mbili. Syk hushika, huamka, na kuamsha vingine, kikiwamo BTK. Vimeng'enya hivyo hukiwezesha kingine kukata aina fulani ya mafuta ya utando, na vipande vyake hufungua maghala ya kalsiamu ndani ya seli. Mwisho wa yote, habari hufika katika kiini na jeni zilizokuwa kimya huanza kusomwa.

Matunda yake katika elimu na tiba

Faida ya kwanza ya ugunduzi huu ilikuwa kuunganisha. Mpangilio ule ule ulionekana katika seli B, katika seli T, na pia katika seli zinazosababisha mzio. Taaluma zilizokuwa zikienda njia mbalimbali zilijikuta zinachunguza mtambo wa aina moja, na leo vitabu vya elimu ya kinga hueleza habari hizo pamoja.

Faida ya pili ilikuwa kufafanua magonjwa. Mwaka 1952 daktari Ogden Bruton wa Marekani alieleza habari za mtoto wa kiume wa miaka minane aliyekuwa akiugua mara kwa mara kwa kuwa damu yake haikuwa na kingamwili. Mwaka 1993 makundi mawili ya watafiti yaligundua kwamba chanzo cha ugonjwa huo ni kasoro katika jeni ya BTK, kimeng'enya kile kile tulichokitaja. Ishara ikikatika hapo, seli B hazikui. Maarifa hayo yalifungua njia ya kinyume chake: katika baadhi ya saratani ishara hiyo huzidi, na dawa ya ibrutinib, inayozuia BTK, iliidhinishwa Marekani mwaka 2013. Aidha, mkia wa zeta hutumika katika tiba ambamo seli T za mgonjwa huundiwa kipokezi kipya ili zishambulie seli B zenye saratani. Tiba ya kwanza ya namna hiyo iliidhinishwa huko mwaka 2017.

Afrika Mashariki nayo imo katika habari hii. Mwaka 1958 daktari Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi katika Hospitali ya Mulago, Kampala, alieleza uvimbe wa taya uliowapata watoto. Uvimbe huo ni saratani ya seli B. Kutokana na vipande vyake vilivyopelekwa London, virusi vya Epstein-Barr viligunduliwa mwaka 1964. Baadaye ilionekana kwamba virusi hivyo vina protini iitwayo LMP2A, ambayo ndani ya mkia wake umo mpangilio wa Reth. Kwa njia hiyo virusi huiga kipokezi cha seli B na kuifanya seli iendelee kuishi bila kuguswa na antijeni.

Swali lililobaki

Jambo moja lingali linabishaniwa: ishara huanzaje hasa? Kwa miaka mingi iliaminika kwamba vipokezi vimetawanyika, na kwamba antijeni huviamsha kwa kuvikusanya pamoja. Mwaka 2010 Reth na mwenzake Jianying Yang walitoa ushahidi kwamba katika seli iliyotulia vipokezi vimeshikana na kuzuiana, na kwamba antijeni huviamsha kwa kuviachanisha. Wengine, waliofuatilia kipokezi kimoja kimoja kwa hadubini, hawakukubaliana naye. Mwaka 2022 umbo la kipokezi kizima lilichorwa kwa hadubini ya elektroni, na ikaonekana kwamba kila IgM huandamana na jozi moja ya Ig-alfa na Ig-beta. Lakini picha hiyo ni ya kipokezi kimoja kilichotolewa katika seli, kwa hiyo haikatai wala haithibitishi mojawapo ya maoni hayo mawili.

Wanafunzi wa sayansi wana la kujifunza hapa. Herufi alizozisoma Reth zilikuwa wazi kwa yeyote aliyetaka kuzisoma. Alichoongeza yeye ni swali sahihi, yaani ni nini kilicho sawa katika mikia hii, pamoja na subira ya kuilinganisha mmoja mmoja. Hilo laweza kufanywa hata katika shule isiyo na maabara kubwa, kwa penseli na karatasi.