Hirola na Mizani ya Nyika

Mtu akiulizwa habari za wanyama wa Kenya, aghalabu hutaja simba wa Maasai Mara, ndovu wa Tsavo na heroe wa Ziwa Nakuru. Wachache mno humtaja hirola wa Garissa. Mnyama huyu hana kelele wala ukubwa wa kutisha, lakini habari zake zinatufunza jinsi biashara, utalii na nishati zinavyokutana juu ya ardhi moja, hata kama zinaamuliwa katika ofisi mbalimbali.

Hirola ana asili ya kongoni na nyamera. Rangi yake ni ya mchanga, na pembe zake ni ndefu zenye pete pete. Mbele ya kila jicho ana tundu kubwa jeusi la kutoa utomvu, na ndiyo sababu wengine wakamwita swala wa macho manne. Kwao ni nyika iliyo baina ya Mto Tana na mpaka wa Somalia. Nje ya hapo yuko Tsavo Mashariki, alikopelekwa na binadamu mwaka 1963 na tena mwaka 1996. Katika miaka ya 1970 walikadiriwa kuwa zaidi ya 10,000. Leo hawatimii 500. Na huyu akitoweka, hakuna mwingine wa ukoo wake aliyebaki popote ulimwenguni.

Je, ni nani aliyemmaliza? Wa mjini hujibu upesi: ng'ombe wa wafugaji. Wengine husema sotoka, na ni kweli kwamba katika miaka ya 1980 maradhi hayo yaliwaangusha hirola pamoja na ng'ombe. Ukame, simba na wawindaji nao walichukua fungu lao. Lakini mwaka 2011 ulimwengu ulitangaza kwamba sotoka imekwisha kabisa. Mbona basi hirola hakurudi kuwa wengi?

Jibu lilitoka kwa mwana wa Garissa mwenyewe, mtafiti Abdullahi Ali. Mwaka 2017 yeye na wenzake walitoa matokeo ya uchunguzi uliotumia picha zilizopigwa kutoka angani tangu mwaka 1985 hadi 2012. Waliona kwamba katika makao ya zamani ya hirola miti ilikuwa imeongezeka zaidi ya mara tatu. Tumezoea kuambiwa kwamba mti ni uhai, na hapana anayekana. Lakini hirola hali majani ya mti, hula nyasi, na anahitaji uwanda wa wazi apate kumwona simba mapema. Migunga ikisongamana, nyasi hufa kivulini, na adui hupata pa kujificha.

Na miti iliongezeka kwa sababu gani? Kwanza, mifugo ilikula nyasi kupita kiasi. Pili, ndovu walikuwa wameondoka. Ndovu ndiye mfyekaji wa nyika. Huvunja matawi, hung'oa miti michanga na kuacha uwanda nyuma yake. Hapa ndipo pwani yetu inapoingia katika hadithi hii. Kwa karne nyingi pembe za bara ziliteremshwa Lamu na Mombasa zikapakiwa majahazini kwenda Arabuni na Bara Hindi. Siwa mashuhuri ya Pate, iliyomo katika makumbusho ya Lamu, imechongwa kwa pembe hizo hizo. Lakini biashara ya zamani ilikuwa tone tu kando ya ile ya miaka ya 1970 na 1980, ya bunduki za kisasa na masoko ya Asia, Ulaya na Marekani. Kenya ilikuwa na ndovu zaidi ya 160,000. Ilipofika mwaka 1989 walibaki kiasi cha 16,000. Julai ya mwaka huo Rais Moi alizitia moto tani 12 za pembe mjini Nairobi, na kabla mwaka haujaisha mataifa yakakubaliana kuipiga marufuku biashara hiyo. Moshi ule ulionekana dunia nzima, lakini katika nyika ya Garissa mfyekaji alikuwa amekwisha kuondoka.

Tugeukie utalii. Mwaka 1974 Serikali ilitenga hifadhi ya Arawale kwa ajili ya hirola. Lakini barabara na matangazo ya utalii vilielekea kwingine, na Kaskazini Mashariki ikabaki na sifa ya vita na ujangili. Mwaka 1996 wenye mamlaka ya wanyamapori walipoazimia kuwahamisha hirola, wananchi watano walikwenda Mahakama Kuu, nayo ikauzuia uhamisho huo. Tazama ajabu hiyo! Watu waliolaumiwa kwa ng'ombe wao ndio waliosimama mbele ya hakimu kumtetea mnyama asiyewapa maziwa wala nyama, kwa hoja kwamba ni amana ya nchi yao. Baadaye wafugaji wa Ijara walitoa ardhi yao wenyewe huko Ishaqbini, na mwaka 2012 hirola 48 wakawekwa ndani ya ua. Wamezaana hata wakapita 100. Kilichokosekana ni mgeni wa kulipa ada ya kuwaona.

Na nishati je? Desemba 2019 mtambo wa umeme wa jua ulifunguliwa Garissa, wa zaidi ya megawati 50, uliojengwa kwa mkopo wa Uchina juu ya hektari 85. Ni fahari ya haki. Lakini umeme huo huingia katika nyaya za taifa, na chungu cha mama wa kijijini kingali juu ya mafiga matatu. Wakimbizi walianza kufika Dadaab mwaka 1991, na kandokando ya kambi zao watu hutembea mbali kutafuta kuni. Mchoma makaa naye huchagua mti mkubwa ulio karibu na njia ya lori. Basi katika kaunti moja miti imekwisha mahali penye watu, na imezidi mahali penye hirola.

Sisi watunzi tunajua kwamba mshororo ukipungua mizani huchechemea, na ukizidi huchechemea vile vile. Nyika nayo haidai miti mingi au michache. Yadai kadiri yake. Kwa hiyo amri moja kutoka Nairobi, ya kupanda kila mahali au kukataza kukata kila mahali, haiwezi kuiponya. Mwaka 2018 ukataji katika misitu ya umma ulipigwa marufuku, na mwaka 2023 marufuku ikaondolewa, wala mara zote mbili hirola hakufikiriwa.

Anayejua ni kichaka gani kipunguzwe na ni uwanda gani upandwe nyasi ni mfugaji anayelala pale. Kazi hiyo imekwisha kuanza, watu wa Garissa wakishirikiana na watafiti wao. Serikali inayovuna jua la nchi hiyo ina uwezo wa kurudisha sehemu ya mavuno hayo katika mbegu za nyasi, mishahara ya walinzi na majiko ya wanavijiji. Hirola waliobaki ni wachache kuliko wanafunzi wa shule moja ya msingi. Hawawezi kungoja hadi ofisi zile zipate kuamkiana.