Jirani Yako, Afya Yako

Rafiki unamchagua mwenyewe. Jirani je? Unamkuta tu. Asubuhi ukienda shule yupo, jioni ukirudi yupo, na redio yake ipo. Leo tuzungumzie majirani, wale poa na wale wa kasheshe. Unajiuliza, gazeti la afya na majirani wapi na wapi? Twende taratibu.

Fimbo ya mbali haiui nyoka

Chukua mfano wa Boko, kule kando ya barabara ya Bagamoyo, wilaya ya Kinondoni. Watu wengi pale ni wahamiaji. Huyu katoka Moshi, yule Bukoba, mwingine Lindi. Kila mmoja kanunua kiwanja chake, anajenga kidogo kidogo. Ndugu wa damu wako mbali. Sasa mdogo wako akishikwa na homa kali saa nane usiku, nani atakusaidia kutafuta bajaji? Mjomba wa Bukoba? Hapana, ni jirani. Ukifiwa, anayekuja kwanza na viti na sufuria ni huyo huyo.

Mbu hajui uzio

Mwaka 2014 Dar es Salaam ilikumbwa na homa ya dengue, na Kinondoni iliathirika sana. Mwaka 2019 ikarudi. Mbu wa dengue anauma mchana, hasa asubuhi na jioni kabla ya giza. Kwa hiyo chandarua cha usiku peke yake hakitoshi. Anataga kwenye maji yaliyotuama: ndoo, tairi bovu, kifuu cha nazi, chungu cha maua. Kwenye joto letu, yai linaweza kuwa mbu kamili ndani ya siku 7 hadi 10. Na mbu huyu haruki mbali, mara nyingi ni meta mia chache tu. Maana yake nini? Anayekuuma leo, huenda kazaliwa kwako au kwa jirani yako. Ukifagia kwako tu na kwake kuna matairi, bado hujapona.

Tuje kwenye kipindupindu. Mlipuko mkubwa wa Agosti 2015 ulianzia Kinondoni, ukasambaa mikoa mingi. Vijidudu vyake vinatoka kwenye kinyesi na kuingia mdomoni kwa maji au chakula. Sasa kuna mchezo tunaoujua wote: kutapisha choo. Mvua ikipiga, mtu anafungulia choo kilichojaa, uchafu unakwenda na maji hadi uani kwa jirani na kwenye kisima chake. Sehemu za bondeni kama Boko Basihaya, ambako maji hujaa mvua ikizidi, hiyo ni noma kweli. Mwingine anamwaga kifusi kuinua kiwanja chake. Kwake pakavu, ila maji yote yamehamia kwa mwenzake. Ugomvi unaanzia hapo.

Na ugomvi wenyewe unaumiza. Mwenye hasira kila siku halali vizuri, kichwa kinamgonga, masomo hayapandi. Kijana wa umri wako anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10. Muziki wa jirani ukikunyima huo, ni suala la afya.

Jirani mgumu: ufanyeje?

1. Tulia kwanza. Usimfungulie taarabu ya mipasho. Usitume ujumbe kwa watoto wake. Maneno yakizunguka mtaa yanarudi yameongezwa chumvi.

2. Nenda kwa heshima, wakati mzuri, siyo katikati ya muziki. Mtu mzima msalimie kwanza. Kwa mfano: "Shikamoo mama. Samahani, wiki hii nina mitihani. Naomba mtupunguzie sauti kuanzia saa nne usiku." Umeona? Hujamtukana, umeeleza shida yako, umeomba kitu kimoja tu. Jambo kubwa kama choo au mpaka, mwachie mzazi au mlezi alianzishe.

3. Nenda na suluhisho. Pengine anatapisha choo kwa sababu gari la kunyonya ni ghali. Je, nyumba mbili tatu zinaweza kuchangia? Mtaro umeziba? Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni siku ya usafi, zibueni pamoja. Anayeshika koleo na wewe si rahisi kukununia kesho yake.

4. Ikishindikana, wazazi waende kwa mjumbe au ofisi ya serikali ya mtaa. Uchafu na maji ya choo ni kazi ya afisa afya wa kata, na Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inampa nguvu. Ugomvi wa mpaka unaanzia baraza la kata. Tangu 2021 baraza hilo linasuluhisha tu, halitoi hukumu ya ardhi. Wasipopatana, kesi inakwenda baraza la ardhi na nyumba la wilaya.

Hili usilivumilie

Kuna jirani anayekushikashika, anakupa zawadi za siri, anakuita chumbani ukiwa peke yako. Huyo si wa kwenda kupatana naye. Hata kama anaheshimika mtaani, hata kama kasaidia ada yako, hilo ni kosa la jinai na wewe huna hatia. Halimalizwi kwa vikao vya nyumbani wala kwa faini ya mbuzi. Mwambie mtu mzima unayemwamini, piga simu 116 bila malipo, au nenda Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Msichana au mvulana, ni sawa.

Na wewe je?

Jiulize: takataka zako unatupa wapi? Redio yako inasikika nyumba ya ngapi? Bibi wa jirani mara ya mwisho ulimbebea ndoo lini? Huenda kuna mtu sasa hivi anajiuliza atafanyaje na jirani mgumu, na jirani mwenyewe ni wewe.

Jadilini klabuni

- Mtaani kwenu, maji yanatuama wapi, na nani wa kuanza kuyaondoa?
- Mpangaji mwenzenu hachangii umeme wa LUKU. Mtamwambiaje bila kugombana?
- Jambo gani la jirani ni la kuvumilia, na lipi ni la kuripoti leo leo?