Tarehe Katika Saa ya Mkono Iliyokwisha Tumika

Mnunuzi wa saa ya mkono iliyokwisha tumika huiweka sikioni, akasikia mlio wake, akaridhika. Mlio humwambia kwamba saa inakwenda. Haumwambii lolote juu ya tarehe iliyomo katika kidirisha. Sehemu hiyo ina magurudumu yake, na mara nyingi ndiyo iliyoumizwa na mwenye saa wa kwanza.

Chini ya uso wa saa mna pete bapa iliyoandikwa tarakimu 1 hadi 31, nayo ina meno 31. Gurudumu la mshale mfupi huzunguka mara moja kwa saa 12. Kama lenyewe lingeisukuma pete, tarehe ingebadilika mchana na usiku. Kwa hiyo huliendesha gurudumu jingine ambalo huzunguka mara moja tu kwa saa 24. Gurudumu hili lina kidole kinachosukuma jino moja la pete kila usiku, kisha kamani ndogo huishika pete isicheze. (Mwalimu wa hesabu anayetafuta mfano wa uwiano wa 2 kwa 1 ameupata.)

Kupima ni rahisi. Vuta kifundo cha kutilia ufunguo hadi mwisho, uzungushe mishale mbele polepole. Tarehe ikibadilika mishale inapokutana kwenye 12, hiyo ni saa sita usiku. Ikipita 12 mara ya pili ni adhuhuri, na tarehe haipaswi kutikisika. Katika saa nyingine tarakimu hujongea kidogo kidogo tangu saa tatu au saa nne usiku. Katika nyingine huruka ghafla. Zote mbili ni nzima. Ikichelewa hadi saa saba, huenda mishale haikupachikwa sawasawa, na fundi atairekebisha. Lakini tarakimu ikikwama nusu dirishani, shuku jino au kamani. Wala usipime siku mbili tatu ukaacha: jino moja lililovunjika hujionyesha siku moja tu katika mwezi, hivyo pitisha zote 31. Muuzaji atanung'unika, na anung'unike.

Saa nyingi hubadilishwa tarehe upesi kwa kuvuta kifundo nusu. Hapo ndipo meno huvunjika, kwani usiku kidole huwa kimekwisha kuingia kati ya meno ya pete. Maelezo ya viwanda mara nyingi hukataza jambo hilo baina ya 9 na 3. Hesabu hiyo ni ya Kizungu: maana yake ni saa tatu usiku hadi saa tisa usiku, wala si saa tisa alasiri kama msomaji wetu anavyoweza kudhani.

Mtambo wa kawaida haujui urefu wa miezi, hivyo tarehe husahihishwa mara 5 kwa mwaka. Tarehe 1 Machi, Februari ikiwa ya siku 28, kidirisha huonyesha 29, na pete husukumwa meno 3. Kazi hiyo ifanywe saa kumi na mbili asubuhi, mshale mfupi ukielekea chini.