Mkoba wa Ukambani na Ukungu wa Pwani

Ni nyumba chache za Mombasa zisizokuwa na kiondo, na tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku nchini Kenya mwaka 2017 kimepata sababu mpya ya kwenda sokoni. Kimesukwa kwa mkonge, kimetiwa mikanda ya ngozi, na aghalabu kimetoka kwa akina mama wa Kitui au Makueni. Hutufikia kizima. Lakini ikishapita mvua ya mwaka mara moja tu, mkonge ungali imara na ngozi imeota ukungu, au imepasuka penye mshono. Mwenyewe hulalama kuwa kauziwa kibovu. Sivyo. Ngozi hiyo imehama nchi kavu ikaja nchi ya chumvi na mvuke, na hakuna aliyeitazama.

Kwao hutazamwa, kwa kuwa si pambo. Mwangalie mama wa Kikamba atokaye mtoni wakati wa kiangazi. Mtungi wa lita 20, yaani kilo 20, umekaa mgongoni, na unaoushika ni ukanda wa ngozi ya ng'ombe uliopita kichwani, wenyewe huuita mukwa. Ukikatika njiani, maji yamemwagika na safari ni ya kuanza upya. Kwa hiyo hauachwi ukarowa kisha ukaanikwa juani, maana ngozi mbichi ikifanywa hivyo hukakamaa ikawa kama ubao. Husuguliwa mafuta, na ya zamani ni ya mbarika, mpaka ulainike mkononi.

Hata podo la mishale lilikuwa la ngozi. Wakamba huliita thyaka, nasi katika Kiswahili cha wazee tunalo neno ziaka kwa kitu hicho hicho. Si ajabu: katika karne ya 19 misafara yao ya pembe ilikuwa ikiteremka Mombasa.

Wako wasomaji ambao kwao ukungu si kitu mbele ya suala la tohara. Ngozi ya mnyama wa kuliwa aliyechinjwa kisheria haina neno. Ya mzoga ndiyo yenye maneno. Katika madhehebu ya Shafi hutoharika kwa kudabaghiwa, isipokuwa ya mbwa na nguruwe, na kisha huoshwa kwa maji. Na kudabaghi ni kwa kitu kikali chenye kuondoa majimaji ya ngozi, kama magome au maganda ya komamanga. Jua na chumvi peke yake havitoshi. (Magome ya mikoko yetu yalikuwa yakisafirishwa ng'ambo kwa kazi hiyo.) Basi ukanda mbichi uliokaushwa juani tu, na hujui mnyama wake alikufaje, muulize muuzaji kabla hujautia begani kwenda nao msikitini.

Sasa dawa ya ukungu. Kitoe kiondo nje penye upepo, ukipanguse kwa kitambaa kikavu, usije ukautawanya ndani ya nyumba. Kisha chovya kitambaa katika siki na maji, nusu kwa nusu, ukikamue sana, ufute mikanda. Usiiloweke, wala usitie sabuni ya unga. Iache kivulini mpaka ikauke kabisa.

Ndipo ipakwe nta ya nyuki, nayo hutoka kule kule, maana Kitui na Kibwezi ni nchi za mizinga. Fungu moja la nta kwa mawili ya mafuta ya mbarika, katika bakuli lililowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto. Usiibandike motoni penyewe, hushika moto. Ikipoa, paka kidogo kwa kidole, penye mshono zaidi, uache usiku kucha, asubuhi usugue. Ngozi hukoza rangi, kwa hiyo jaribu kwanza upande wa ndani. Mafuta ya nazi tuyaachie nywele. Kwenye ngozi huchacha yakanuka.

Kisha kitundike penye hewa, si kabatini. Mara mbili kwa mwaka yatosha: kabla ya mvua ya mwaka, na tena kaskazi inapoanza.